Kwenda Kviteseid: meli ya mfereji, ziwa na kijiji cha skii huko Telemark

Karibu kila mgeni ninayempokea huku Telemark huja na ombi moja: "Nataka nipande ile meli ya mfereji, halafu nicheze skii kidogo, ndipo nirudi nyumbani." Ombi zuri, ila halitimiziki kwa safari moja. Meli huanza kazi mwezi wa tano, theluji ikiwa imeshayeyuka mabondeni, na hufungwa gatini majira ya baridi yakiwa bado njiani. Ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, ili ujue la kuchagua kabla hujalipa nauli.

Mimi naishi Skien, mji ambao mfereji wenyewe unaanzia, na kila mwaka nawapeleka ndugu na marafiki kutoka nyumbani hadi Kviteseid. Ni halmashauri ya mashambani kusini mwa Norwei, magharibi ya Oslo, yenye watu wasiofika 3,000 waliotawanyika kando ya maji na kwenye mabonde. Ina ziwa ambalo meli zenye umri wa zaidi ya miaka mia bado zinalipita, na ina kijiji cha Morgedal, ambako mtu maskini asiyemiliki hata shamba alibadilisha namna dunia inavyoteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni. Watalii wengi hupita barabara kuu wakikimbilia fiodi za magharibi, wala hawashuki garini. Huwa naumia nikiwaona.

Hatua ya 1: Amua, meli au theluji

Ukitaka meli, njoo kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Agosti. Hapo ndipo safari ni nyingi zaidi, maji ya ziwa yanaogeleka, na mchana ni mrefu, mwisho wa Juni hupita saa kumi na nane. Usiku wa Juni na mwanzo wa Julai wenyewe hauwi giza totoro. Anga hubaki na weupe upande wa kaskazini. Wanaoswali wajipange mapema, maana siku hizo magharibi inaingia karibu na saa tano usiku na alfajiri haikawii. Wasiozoea kulala kwenye mwanga wabebe kitambaa cha kufunika macho.

Ukitaka skii, njoo Februari au Machi. Desemba ina theluji pia, lakini mchana ni wa saa sita tu, na mgeni wa mara ya kwanza hujikuta anaamka gizani na kurudi chumbani gizani. Februari jua limeanza kurudi na theluji imeshikamana vizuri. Kwepa wiki za likizo ya shule mwezi wa pili na wiki ya Pasaka kama bajeti yako ni ndogo. Wanorwei nao hupenda milima wakati huo, na vyumba hujaa miezi kabla.

Ukiniuliza mimi, safari ya kwanza iwe ya kiangazi. Historia ya skii utaipata hata Julai, kwa sababu iko kwenye makumbusho na kwenye njia za miguu. Meli hutaipata Februari hata ukiwa na pesa za namna gani. Kama una watoto, basi nitabadili ushauri: waleteni kwenye theluji, hawatasahau.

Hatua ya 2: Viza na nauli

Norwei haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi huanzia mtandaoni kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya Norwei, UDI, kisha unapeleka karatasi na alama za vidole ana kwa ana. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku kumi na tano kabla ya kuondoka. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Viza ya matembezi hukupa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwa wenzetu Waswahili wanaoishi tayari Ujerumani, Sweden au Ubelgiji, kibali chenu cha ukaazi kinatosha kuja kutembea.

Ndege kutoka kwetu hupitia Doha, Dubai au Istanbul hadi uwanja wa Gardermoen, Oslo. Kutoka hapo kuna treni hadi katikati ya mji. Pesa taslimu huhitaji karibu kabisa; hata kahawa hulipwa kwa kadi. Ijulishe tu benki yako kabla hujaondoka, usije ukafungiwa kadi ukiwa kando ya ziwa.

Hatua ya 3: Kufika Kviteseid

Njia ziko tatu.

Basi ndilo rahisi. Kutoka kituo kikuu cha mabasi Oslo panda basi la masafa marefu linalopita barabara ya E134 kwenda magharibi. Baada ya saa tatu na kitu unafika Brunkeberg, njia panda ndogo yenye kanisa. Hapo E134 inakutana na barabara namba 41 inayoteremka kwenda Kviteseid na Vrådal. Ukibaki ndani ya basi dakika chache zaidi unafika Morgedal. Njiani kaa macho mkipita Notodden: kanisa la mbao la Heddal, kubwa kuliko makanisa yote ya namna yake Norwei, liko kando ya barabara hiyohiyo.

Njia ya pili ni treni ya kusini kutoka Oslo, ushuke Bø au Lunde. Lunde ni pazuri kwa wapenda meli, kwa sababu stesheni na mfereji ni jirani. Njia ya tatu ni meli yenyewe kutoka Skien, nayo nitaieleza kwa kirefu huko mbele.

Kwa ratiba zote tumia programu ya Entur, inayokusanya mabasi, treni na vivuko vya nchi nzima. Kumbuka saa zao huhesabiwa kuanzia usiku wa manane: 08.15 ni saa mbili na robo asubuhi, 20.15 ni saa mbili na robo usiku. Najua watu wazima wenye akili zao waliokosa basi kwa hesabu hii.

Na jambo hili lisome mara mbili. Mabasi madogo ya vijijini, yanayotoka barabara kuu kuingia ndani, mengi huenda siku za shule tu. Mwaka wangu wa pili huku nilisimama kituoni na begi langu, manyunyu yananilowesha, nikisubiri basi ambalo karatasi kwenye nguzo ilisema litapita. Nusu saa, saa nzima, kimya. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na trekta akasimama, akateremka, akaniwekea kidole kwenye herufi ndogo chini ya ile karatasi: *skoledager*, siku za shule. Shule zilikuwa zimefungwa wiki ile. Akanipakia pembeni yake hadi barabara kuu. Tangu siku hiyo sipangi siku yangu kabla sijajua kalenda ya shule za Telemark.

Ukikodi gari, beba leseni ya kimataifa pamoja na ya nyumbani, washa taa hata mchana kama sheria inavyotaka, na jioni punguza mwendo msituni. Kuna mnyama aitwaye *elg*, wa jamii ya kulungu lakini mrefu kama farasi. Hujitokeza barabarani bila taarifa, na ukimgonga gari ndiyo basi tena.

Hatua ya 4: Begi na tumbo

Kiangazi leta koti la mvua, sweta na viatu vya kutembelea msituni. Kwenye sitaha ya meli kuna upepo hata siku ya jua.

Baridi ni habari nyingine. Nyuzi hushuka chini ya -10 bila ajabu yoyote. Nguo ya kwanza, ile inayogusa ngozi, iwe ya sufu, juu na chini. Usivae pamba ndani: ukitoka jasho inalowa, inabaki imelowa, na ukisimama dakika tano unaanza kutetemeka. Juu ya sufu vaa sweta, juu ya sweta koti lisilopitisha upepo. Usinunue vitu hivi mitumba ya nyumbani kwa kubahatisha. Oslo na Skien kuna maduka ya mitumba yenye sufu nzuri kwa bei ya kuvumilika. Glavu ziwe mbili, kwa sababu jozi moja italowa.

Chakula cha hotelini ni ghali. Sisi hununua mahitaji dukani na kupika kwenye vibanda vya kukodi, na kumbuka maduka mengi hufungwa Jumapili. Maji ya bomba ni salama, usinunue ya chupa. Anayetafuta nyama halali aibebe kutoka mjini, ama ale samaki. Siagi ya Kviteseid usiikose: Norwei nzima inaijua, inasukwa kwa namna ya zamani, na juu ya mkate wa moto inatosha kuwa mlo.

Hatua ya 5: Siku ya mfereji

Hapa ndipo ningependa usiwe na haraka.

Mfereji wa Telemark unatoka Skien hadi kijiji cha Dalen, kilomita 105, na sehemu kubwa ya safari ni maziwa. Kipande cha kwanza, kutoka Skien hadi ziwa Norsjø, kilifunguliwa 1861. Cha pili, kutoka Norsjø hadi ziwa Bandak, kilikamilika 1892 baada ya wanaume wapatao 500 kupasua mwamba kwa miaka mitano. Kabla ya hapo, mkulima wa Kviteseid aliyetaka kufikisha mzigo pwani alikuwa na milima na maporomoko mbele yake. Baada ya hapo, meli ilikuja hadi karibu na mlango wake, na magogo yakaelea kwenda viwandani.

Kutoka usawa wa bahari hadi maziwa ya juu meli hupanda mita 72. Inapandaje? Kwa *sluse*. Hili ni neno utakaloliona kwenye vibao, kwa hiyo lizoee. Sluse ni chumba cha mawe chenye lango mbele na lango nyuma. Meli inaingia, lango la nyuma linafungwa, vilango vidogo vinafunguliwa na maji ya juu yanajaa chumbani. Meli inainuka pamoja na maji mpaka inalingana na ngazi inayofuata, kisha lango la mbele linafunguliwa. Hakuna pampu wala injini ya kuinulia. Maji yanashuka kwa uzito wake na kufanya kazi yote. Njia nzima ina vituo nane vya namna hii vyenye vyumba kumi na vinane.

Kituo cha kuona kwa macho yako ni Vrangfoss, kati ya Ulefoss na Lunde. Kina vyumba vitano mfululizo na huinua meli mita 23, kimo cha jengo la ghorofa saba. Nilimpeleka pale mama yangu mkubwa alipotutembelea kutoka Tanga, mtu aliyekulia pwani na kuona meli za kila aina. Tulisimama sitahani, kuta za mawe meusi zimetubana pande zote mbili kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukagusa ukoga uliolowa. Lango la mbao mbele yetu lilikuwa linavuja kwenye maungio, maji yanatoka kama nyuzi nyembamba na kutupiga usoni. Juu kabisa kijana wa sluse alikuwa anazungusha chuma kwa mikono, mgongo umeinama, taratibu. Kamba zikalia. Ukuta ukaanza kuteremka, au ndivyo ilivyoonekana.

"Mwanangu," akasema, "mbona hii meli inapanda ngazi?"

"Maji yanaipandisha, mama."

Akanyamaza mpaka chumba cha tano kikafunguka na miti ikatokea tena. Ndipo akasema, "Basi hawa watu walikuwa na subira."

Meli za njia hii ni sehemu ya raha yake. *Victoria* ilijengwa 1882, yaani ni kongwe kuliko nusu ya juu ya mfereji wenyewe. *Henrik Ibsen* ni ya 1907, nayo imepewa jina la mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Skien. Safari nzima kutoka Skien hadi Dalen hula siku nzima, asubuhi hadi jioni. Fanya hivi:

Kama una siku nzima na uvumilivu, panda Skien asubuhi. Kama una nusu siku, anzia Ulefoss ili upate Vrangfoss, au anzia Lunde kama unachotaka zaidi ni maziwa. Kutoka Lunde utapanda sluse tatu za mwisho: Lunde, Kjeldal na Hogga. Baiskeli zinaruhusiwa melini, na njia ya kando ya mfereji kati ya Lunde na Ulefoss ni tambarare kiasi kwamba hata asiye na mazoezi ataimudu. Wengi hupanda kwa meli na kurudi kwa baiskeli. Meli haisimami kila gati kila siku, kwa hiyo tazama ratiba ya siku yako kabla hujaamua kushuka Kviteseid.

Ukishapita Hogga, umemaliza kupanda. Kuanzia hapo Flåvatn, Kviteseidvatn na Bandak yako kwenye usawa mmoja, na meli inateleza kati ya milima bila lango tena hadi Dalen. Huko mwisho kuna hoteli ya mbao ya 1894 yenye vichwa vya majoka pembeni mwa paa. Ukiweza kulala hapo usiku mmoja, lala. Usipoweza, ingia unywe chai.

Hatua ya 6: Ziwani

Kviteseid penyewe pako kwenye mkono wa ziwa, maji upande mmoja na mashamba upande wa pili. Ng'ambo ya kijiji, kando ya maji, kuna kanisa la kale la mawe la zama za kati, na pembeni yake nyumba za magogo zilizokusanywa kutoka mashamba ya eneo hili. Nenda asubuhi. Gusa pembe za zile nyumba uone magogo yalivyokatwa na kukamatana bila msumari. Fundi seremala wa Lamu angesimama hapo muda mrefu.

Norwei ina sheria ya mwaka 1957 inayompa kila mtu, hata mgeni, haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa. Unaweza kupiga hema hadi siku mbili bila kuomba ruhusa, mradi uwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa. Kwa mtu anayetoka mahali ambapo kila ufuko una ukuta na mlinzi, hii ni neema. Itumie kwa heshima: ondoka na takataka zako zote. Moto wa wazi msituni na karibu na msitu umekatazwa kuanzia 15 Aprili hadi 15 Septemba. Kuvua samaki ziwani kunahitaji kibali kinachonunuliwa kwa siku au wiki, na buluberi za porini mwezi wa nane ni za yeyote anayeinama kuzichuma.

Baridi, ziwa linapoganda, usikanyage barafu kwa sababu tu umeona alama za miguu. Maji ya maziwa haya hupandishwa na kushushwa kwa mabwawa, na mahali penye mkondo barafu huwa nyembamba hata kama juu inaonekana ngumu. Muulize mwenyeji. Akisita, usiende. Namba za dharura zikae kichwani: 113 gari la wagonjwa, 112 polisi, 110 zimamoto. Kwa ugonjwa usio wa kufa na kupona, daktari wa zamu ni 116117.

Hatua ya 7: Kujifunza skii Vrådal

Vrådal ni kijiji cha kusini mwa halmashauri, kati ya maziwa Vråvatn na Nisser. Kiangazi kuna meli ndogo iitwayo *Fram* inayopita kati ya maziwa hayo mawili kupitia sluse ya kuendeshwa kwa mkono. Baridi hapo ndipo penye mlima wa skii, wenye lifti, vifaa vya kukodi na walimu.

Kuna aina mbili za skii, na mgeni asizichanganye. Ya kuteremka mlimani, wanaiita *alpint*: viatu vizito kama vya chuma, kisigino kimefungwa. Ya kutembea tambarare na msituni, *langrenn*: mbao nyembamba, kiatu chepesi, kisigino kiko huru. Watu wetu wengi hukimbilia ya kuteremka kwa sababu ndiyo waliyoiona kwenye televisheni. Mimi nasema anza na langrenn. Ni rahisi zaidi kwa mfuko, unaona msitu, na ukianguka unaanguka kutoka kimo chako mwenyewe tu.

Siku ya kwanza fanya hivi. Vaa skii mahali tambarare kabisa na uweke fimbo chini. Tembea kama unavyotembea nyumbani, ukiburuta mguu badala ya kuunyanyua. Piga magoti kidogo muda wote, maana goti lililonyooka ndilo linalokuangusha. Ukizoea, chukua fimbo. Kisha tafuta mteremko mdogo kama wa uwanja wa shule na ujifunze kusimama: ncha za mbele zikaribiane, za nyuma zitanuke, na uziegemee kwa ndani. Wao huita *plog*, yaani plau. Usipande lifti yoyote kabla hujaimudu hiyo plau.

Utaanguka. Ukiona unaenda, keti upande, usijitupe nyuma wala usitangulize mikono. Kuinuka kuna ufundi wake: lala ubavu, weka skii zote mbili sambamba chini yako zikikata mteremko, piga goti, simama. Aliyezileta zikielekea bondeni atainuka na kuondoka palepale bila kupenda.

Kodi kofia ngumu. Lipia saa moja ya mwalimu hata kama una rafiki anayejua, kwa sababu rafiki husahau jinsi yeye alivyojifunza. Na saa nane mchana miguu ikianza kutetemeka, acha. Wengi huumia kwenye mteremko ule wa mwisho wa siku.

Hatua ya 8: Morgedal

Liache bonde hili kwa siku ya mwisho.

Mwaka 1825 alizaliwa hapa Sondre Norheim, mtoto wa watu wasio na ardhi, naye akaishi vivyo hivyo, akikaa na kulima kwenye shamba la mtu mwingine kwa malipo ya kazi. Skii zilikuwapo maelfu ya miaka kabla yake; watu walizitumia kwenda kuwinda na kwenda kanisani. Lakini kamba ilishika vidole tu, kisigino kinayumba, na aliyekuja kasi mlimani alikuwa anaomba Mungu. Norheim alisokota vijiti vilivyolainishwa, akavizungusha nyuma ya kisigino, na skii ikawa sehemu ya mguu. Mbao nazo alizichonga ziwe nyembamba katikati, zikaanza kukata kona. Ukifika makumbusho ya skii ya kijijini, *Norsk Skieventyr*, usizipite haraka zile skii za vijiti. Vijiti vimepindana kama kamba ya ukili, na kikiwa kikavu kimoja kinaonekana kitavunjika mkononi. Juu ya kitu hicho mtu huyu aliruka na kutua salama.

Mwaka 1868, akiwa na miaka 42, alikwenda kwa skii hadi Christiania, ambayo leo ni Oslo, akashindana na watu wa mjini na kuwashinda. Namna yake ya kukata kona, goti moja limeshuka na kisigino kimeinuka, hadi leo dunia nzima inaiita telemark. Neno slalom nalo limetoka kwenye lahaja ya hapa: *sla* ni mteremko, *låm* ni njia au alama inayoachwa. Umaskini ulibaki palepale. Mwaka 1884 alihamia Marekani na familia yake, na alifia Dakota Kaskazini mwaka 1897. Amezikwa huko, kwenye nchi tambarare.

Makumbusho hayo yanamweleza pia Olav Bjaaland, kijana wa kijiji hikihiki, mmoja wa watu wanne waliofika Ncha ya Kusini pamoja na mvumbuzi Mnorwei Roald Amundsen tarehe 14 Desemba 1911. Alikuwa fundi wa mbao. Majira ya baridi kabla ya safari alikaa chini ya theluji ya Antaktika akiranda masleji ya msafara, ubao kwa ubao, mpaka uzito ukapungua sana na mbwa wakaweza kuyavuta. Mimi hupenda kuwaonyesha vijana wetu randa kuliko bendera.

Ukimaliza, panda Øverbø, kibanda cha Norheim, kilichoko juu ya kijiji. Njia ni ya miguu, inapita msituni na inapanda kweli, kwa hiyo chukua maji na viatu vyenye meno. Wanaotaka kuingia ndani waulize kwanza pale makumbusho. Ni nyumba ndogo ya magogo yenye mlango mfupi; utainama. Kwenye meko yake ndipo ulipowashwa mwenge wa Michezo ya Olimpiki ya Baridi ya Oslo mwaka 1952, kisha wa Squaw Valley, Marekani, mwaka 1960, na mwaka 1993 mwenge uliozungushwa Norwei kabla ya michezo ya Lillehammer ya 1994. Meko lenyewe ni la mawe ya kawaida yenye masizi, kama la bibi yeyote anayepikia kuni.

Kaa kwenye nyasi mbele ya mlango, au kwenye theluji juu ya begi lako, utazame mteremko aliokuwa anautumia mtu yule kurudi bondeni. Halafu anza kushuka ukiwa na saa nzima mkononi. Basi la jioni kwenda Oslo hupita barabara kuu, na dereva asipokuona umesimama kituoni na mkono umeuinua, hasimami.